Nani Ashike Ufunguo wa Kipimo

Sogeeni, na mwenye simu aifunike uso chini, maana hii si habari ya kusikiliza kwa sikio moja. Mkikosa kipande kimoja mtaamua ovyo, halafu mje kunilaumu mimi. Kazi yangu ni kusimulia. Kuamua ni kwenu. Tumeelewana? Haya.

Palikuwa na programu ya kompyuta iitwayo Kipimo. Muuguzi wa zahanati anaandika umri wa mtoto na ugonjwa wake, Kipimo inamwambia ampe dawa kiasi gani. Basi, hakuna zaidi. Haikuwa na mwenyewe wa kuiuza. Waliitengeneza watu wa kujitolea, kila mmoja akiwa kwao, na yeyote aliyetaka aliruhusiwa kuichukua bure, kuifungua, kuisoma ndani na kuirekebisha. Programu huria, ndivyo wanavyoziita.

Sasa tegeni sikio kwenye jambo la matawi, kwa sababu ndiko balaa lilikotokea. Programu hukua, na kila ikikua hutolewa toleo jipya. Lakini Toleo la Tatu la Kipimo lilitaka kompyuta yenye nguvu, na zahanati sitini na moja zilikuwa na kompyuta za kizamani, zile zinazounguruma kama mashine ya kusaga. Zikabaki na Toleo la Pili. Kwa hiyo kazi ikawa na matawi mawili. Tawi jipya, ambalo kila wiki linaongezwa kitu, na tawi la zamani, ambalo haliongezwi chochote ila likiharibika linatengenezwa. Kosa likirekebishwa kwenye tawi jipya, wanaangalia kama lipo na kwenye la zamani. Likiwepo, wanayachukua marekebisho yale yale wanayahamishia huku. Wenyewe wanaita kuchuma.

Na palikuwa na ufunguo. Si ufunguo wa chuma, ni siri ndefu ya herufi na tarakimu. Toleo lisilotiwa sahihi kwa ufunguo huo, kompyuta za zahanati zililikataa katakata. Aliyeushika alikuwa mtu mmoja tu. Mwanzoni walijaribu kuwa wawili. Siku moja kila mmoja akatoa toleo lake bila kumwambia mwenzake, namba ile ile, vitu viwili tofauti, na zahanati zikahangaika mwezi mzima. Tangu hapo wakaapa: ufunguo ni wa mtu mmoja, na jina lake linaandikwa mahali ambapo kila muuguzi anaweza kulisoma.

Jina lililoandikwa pale lilikuwa la Tumsifu Mshana, mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha ufundi pale Same. Miaka sita alikuwa ameushika. Wenzake watatu nitawataja sasa, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake, kwa hiyo msiwachanganye.

Wa kwanza, Saumu Mwachiro, muuguzi wa Kinango. Huyu hakujua kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Malalamiko yote ya zahanati yalipitia kwake, na alimsikiliza mtu mpaka amalize, hata yule anayeanza na habari za mvua na mbuzi wa jirani.

Wa pili, Lukelo Mgaya wa Njombe. Kipaji chake kilikuwa kutoamini. Ukimwambia leo ni Jumanne, anaangalia kalenda. Ukimwonyesha kalenda, anauliza ni ya mwaka gani. Watu walimchoka, lakini programu aliyoipitia Lukelo ungeweza kulala usingizi.

Wa tatu, Ngwali Haji, fundi wa kompyuta wa Makunduchi, kisiwani Unguja. Kipaji chake kilikuwa kutotupa. Duka lake lilijaa mitambo ambayo hata walioiunda wameisahau, na kila mmoja ulikuwa unawaka. Mkewe alishasema siku moja ataingia na toroli aizoe yote. Bado hajaingia nalo.

Haya, mmewashika wote wanne? Tuendelee.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili, Lukelo aligundua kosa kwenye tawi jipya. Watoto wachanga wenye kifafa, walio chini ya miezi sita, Kipimo ilikuwa inawaandikia kidonge kizima wakati walistahili nusu. Akarekebisha kwa mstari mmoja: chini ya ishirini na sita, nusu kidonge. Kwa nini ishirini na sita? Kwa sababu tawi jipya lilihesabu umri wa mtoto kwa wiki, na miezi sita ni wiki ishirini na sita. Kila mtu kule alilijua hilo, na Lukelo hakuona haja ya kuliandika. Kazi ikaisha, ikawa safi.

Tumsifu akaangalia tawi la zamani, akakuta kosa lile lile. Alikuwa na dakika ishirini kabla ya kipindi. Akauchuma mstari wa Lukelo, akauhamishia huku, akayaendesha majaribio. Majaribio yalikuwa mawili: mtoto wa miezi mitatu na mtoto wa miaka mitano. Yote yakapita. Akatia sahihi, akatoa toleo, akashika chaki yake akaenda darasani, moyo mweupe kabisa.

Lakini tawi la zamani lilihesabu umri kwa miezi.

Naona mmoja wenu ameshika kichwa. Ndiyo hivyo. Chini ya ishirini na sita kule ilikuwa mtoto wa nusu mwaka. Huku ikawa mtoto wa miaka miwili na miezi miwili. Katika zahanati sitini na moja, watoto wanaotembea, wanaovunja vikombe, wakaanza kupewa nusu ya dawa inayowazuia wasianguke. Na mashine haikupiga kelele hata kidogo. Iliandika nusu kidonge kwa herufi zile zile nzuri inazoandikia kila kitu.

Sasa nitawaambia kila mmoja alifanya nini. Pimeni vizuri.

Siku ya tisa tangu toleo litoke, Saumu alipata barua kutoka kwa wauguzi wawili, wakisema dozi ya kifafa imepungua. Akaipeleka kwa Tumsifu. Tumsifu akaisoma akiwa amesimama, akajibu, "Imepunguzwa makusudi kwa wachanga, da Saumu. Si kosa." Akalifunga lalamiko. Mwingine yeyote angeishia hapo, maana aliyejibu ndiye mwenye ufunguo. Saumu akairudia ile barua. Chini kabisa, baada ya salamu, muuguzi mmoja alikuwa ameongeza: mtoto mwenyewe anatembea. Maneno yale yakamkaa moyoni. Mtoto mchanga gani anatembea?

Kesho yake asubuhi mama mmoja aliingia zahanati ya Kinango amembeba binti wa miezi ishirini, Mbeyu. Ameanguka mara nne tangu alfajiri. Saumu akampokea, akatazama kilichoandikwa kwenye kadi yake: nusu kidonge. Akampatia rufaa ya hospitali ya wilaya palepale. Halafu akaketi na simu. Akazipigia zahanati zote sitini na moja, moja baada ya nyingine. Walioshika simu akawaambia maneno yale yale: "Kwenye ukuta wenu kuna ile chati ya dozi ya zamani? Basi fuateni ukuta, msifuate mashine, mpaka niwaambie." Ambao hawakushika aliwarudia hata mara tano. Sauti ilimkauka. Kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa amewapata wote, na kwenye karatasi yake palikuwa na watoto kumi na saba ambao kifafa kilikuwa kimewarudia.

Lalamiko akalifungua upya. Hakumsema mtu. Aliandika tu: "Mwalimu, ni kosa. Hawa hapa watoto kumi na saba."

Tumsifu aliposoma alikaa kwenye ngazi ya chuo, wanafunzi wakampita wakimwamkia, hakuitikia hata mmoja.

Kosa lipo, lakini liko wapi? Hapo ndipo Lukelo alipoingia. Tangu toleo la mwisho lililojulikana kuwa zima, tawi la zamani lilikuwa limepokea mabadiliko mia tatu na arobaini, yote madogo ya kutengeneza kilichoharibika. Kila aliyeulizwa alikuwa na lake. Mmoja alisema ni kalenda, mwingine alisema wauguzi wanaandika vibaya, na lile la nusu kidonge hakuna aliyelishuku, kwa kuwa majaribio yake yalipita. Lukelo hakumwamini yeyote. Alifanya kazi yake ya kugawa nusu. Akalirudisha tawi mpaka katikati ya mabadiliko yale, akajaribu umri wa miezi ishirini: kidonge kizima, sawa. Basi kosa liko nusu ya mbele. Akaikata nusu ile katikati, akapima tena. Mara tisa akafanya hivyo, mpaka likabaki badiliko moja. Akalitazama jina la aliyelileta. Akafanya yote upya tangu mwanzo, safari hii si kwa kutoamini, alitamani tu awe amekosea.

Hakuandika mbele ya watu. Alipiga simu kwanza.

"Dada Tumsifu, uko peke yako?"

"Niko mlangoni mwa darasa. Sema tu."

"Nimelipata. Ni lile badiliko la nusu kidonge."

"La kwako lile?"

"Kule ni la kwangu. Huku umelileta wewe." Kisha akaongeza: "Dada, kule umri ni wiki. Huku ni miezi."

"Ishirini na sita," Tumsifu akasema. Mwalimu wa hesabu huyo, jamani. Akairudia tena, polepole, "Ishirini na sita."

"Pole, dada."

"Usinipe pole mimi. Andika, waone wote."

Lukelo akaandika. Na kabla jua halijatua alikuwa ameandika pia marekebisho ya kweli, pamoja na majaribio ya kila mwezi wa umri, kuanzia mtoto wa siku moja hadi wa miaka kumi na miwili, ili yule wa katikati asisahaulike tena.

Sasa yako marekebisho, lakini ni maandishi tu. Maandishi hayafunguki kwenye kompyuta ya zahanati mpaka yageuzwe kuwa programu kamili, na kwa tawi la zamani hilo linahitaji zana za zamani. Wakaenda kwenye mtambo wao wa mtandaoni uliokuwa ukifanya kazi hiyo. Mtambo ukagoma. Zana za tawi la zamani zilikuwa zimeondolewa siku tano nyuma, kwa sababu zimepitwa na wakati. Hawakujua. Hakuna aliyesoma tangazo.

Hapo mtu pekee aliyebaki ni Ngwali. Miezi minane kabla, kwenye kikao chao cha Alhamisi, walikubaliana azime mashine yake ya zamani, ile aliyokuwa akiundia Toleo la Pili kabla hawajapata mtambo wa mtandaoni. Walisema ni hatari kuwa na njia mbili. Ngwali alijibu, "Nimesikia." Waliondoka wakidhani amekubali.

Tumsifu alimpigia akiwa na aibu hadi kwenye kucha. "Mzee Ngwali, shikamoo. Ile mashine yako..."

"Marahaba. Mashine gani, bibie? Ile mlonambia niizime?"

"Hiyo."

"Inanguruma hapa miguuni pangu. Lete kazi. Kugombana tutagombana baadaye."

Kesho yake ndiyo siku ya kazi, na umeme ulikatika mara mbili. Mara ya kwanza kazi ikapotea yote, akaanza upya. Mara ya pili alikuwa ameshachomoa betri ya pikipiki ya mwanawe na kuiunganisha kwa namna ambayo msiniulize, sikuielewa. Saa tisa alasiri toleo lilikuwa tayari. Lakini kanuni yao ilitaka watu wawili waliunde kila mmoja kivyake, kisha walinganishe, ndipo litiwe sahihi. Wa kulinganisha na Ngwali hakuwepo duniani.

"Mwalimu, tia sahihi," Ngwali akasema. "Kanuni ntaijibu mie."

Tumsifu akatia. Kabla ya magharibi zahanati zote sitini na moja zilikuwa na Kipimo iliyo sahihi.

Watoto kumi na sita wakarudi kwenye hali yao. Mbeyu hakurudi yote. Aliacha kuanguka, alhamdulillahi, lakini kabla ya hapo alikuwa anaita mama, anaita maji, na paka wa kwao alikuwa amempa jina ambalo hakuna aliyelielewa. Sasa alikuwa kimya. Madaktari walisema huenda maneno yakarudi na huenda yasirudi, wasubiri.

Tumsifu akawaandikia wenzake kwamba anauacha ufunguo.

Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo kibarua kinapoanza. Ufunguo una siku yake ya kuisha, na huu ulikuwa unaisha Jumamosi, saa sita mchana. Kabla ya hapo anayeushika huandika jina la atakayefuata, akalitia sahihi. Lake mwenyewe akitaka, linapokelewa pia. Asipoandika, kompyuta za zahanati zitakataa kila kitu, na litakuwa jambo la kuzitembelea moja moja, kuanzia Kinango mpaka milimani kwa Wapare. Jina ni moja, hayaingii mawili.

Alhamisi wakakutana kwenye skrini zao, wote wanne. Tumsifu alitarajia watu wa kubembelezwa. Wapi!

"Nitasema wazi," Lukelo akaanza. "Naustahili. Bila mimi mngekuwa bado mnabishana habari ya kalenda. Na nikiupata, tawi la zamani nalifunga baada ya miezi sita. Kosa hili limetoka wapi? Si kwenye matawi mawili? Mtu huyo huyo anakumbuka wiki huku na miezi kule, kila siku, mpaka lini? Tutafute kompyuta mpya kwa zile sitini na moja, tubaki na kitu kimoja tunachokielewa."

"Uzipate wapi hizo kompyuta?" Ngwali akauliza.

"Tutatafuta."

"Tutatafuta! Na zisipopatikana? Miezi sita ikifika wauguzi wasome dozi kwenye viganja vyao? Mie nloiweka mashine hii ndo nlowatoa shimoni. Mngenisikiza Alhamisi ile mngekuwa mnazika saa hizi. Nipeni ufunguo, na tawi la zamani litakuwepo maadamu kuna kompyuta moja inawaka."

"Na wewe ukiumwa, Mzee Ngwali? Mashine ni moja na mjuzi wake ni mmoja."

Ngwali aligeuka akarekebisha kitu ambacho hakikuharibika.

Tumsifu akamuuliza, "Na wewe, da Saumu?"

"Mimi nawasikia mnasema bila mimi, bila mimi," Saumu akasema. "Haya, na mimi niseme. Bila mimi nyote mngekuwa mmelala. Mwalimu alishalifunga lalamiko." Hakulisema kwa ubaya, lakini Tumsifu uso ulimwaka. "Ufunguo ukija kwangu, hakuna toleo litakalotoka mpaka wauguzi watatu wamelijaribu kwa mikono yao na wakaniambia ni sawa. Hata likichukua mwezi."

"Mwezi!" Lukelo akashtuka. "Da Saumu, kosa hili tulilirekebisha kwa siku mbili. Kwa utaratibu wako watoto wale wangekunywa nusu kidonge mwezi mwingine mzima. Na utatiaje sahihi kitu usichoweza kukisoma?"

"Yeye alikuwa anaweza kukisoma," Saumu akasema, na hakumtaja mwalimu jina.

Kikao kikaishia hapo. Hawakuagana vizuri, watu waliokuwa wakitaniana miaka yote.

Ijumaa Tumsifu hakuenda kazini. Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomtesa. Angepatikana mwongo mmoja kati yao angeshukuru. Akampigia Saumu, akamwomba azungumze na mama yake Mbeyu. Alitaka kukiri kwa mdomo wake. Saumu akasema atamwuliza kwanza mwenyewe. Saa nane simu ya Tumsifu ikalia.

"Mimi ni mama Mbeyu. Nimeambiwa una maneno."

Tumsifu akamwambia yote. Wiki, miezi, dakika ishirini kabla ya kipindi, lalamiko alilolifunga bila kulisoma vizuri. Hakujitetea. Alipomaliza akasema, "Ni mimi niliyekosa, mama. Nisamehe. Nimeamua kuondoka kwenye kazi hii."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya sufuria ikishushwa.

"Unaondoka uende wapi?"

"Naacha tu. Nimpishe mwingine."

"Mimi siondoki," mama Mbeyu akasema. "Dawa hizi mwanangu atazimeza mpaka awe mkubwa, na ni kompyuta hiyo hiyo pale zahanati, hawana nyingine. Mimi sijui hayo matawi yenu. Nisikilize, mwalimu. Ile siku nilimwambia muuguzi wa zamu, mtoto huyu dawa yake imepungua. Akaniambia, mama, mashine ndiyo inasema. Mashine! Mashine nitaigombeza vipi? Nataka mtu. Mmoja. Jina lake na namba yake. Nikiona mambo hayako sawa nimpigie yeye, apokee, na asinitupe kwa mwingine. Unaniandikia lini?"

"Kesho," Tumsifu akasema. "Kabla ya saa sita."

"Haya. Nasubiri." Akakata. Wala hakusema kama amesamehe.

Usiku ule hauna habari, hakulala, basi. Jumamosi asubuhi alifungua kompyuta yake, akafungua mahali pa kuandika jina, na hapo akakwama. Aliandika Saumu, kwa sababu Saumu angepokea simu ya mama yule hata akiwa mgonjwa. Akafuta, maana akiisha kuipokea, ndani ya programu haoni kitu. Aliandika Lukelo, kwa sababu Lukelo angelitafuta kosa mpaka alipate. Akafuta, maana baada ya miezi sita kompyuta ya Kinango ingekuwa imeachwa mataa. Aliandika Ngwali, kwa sababu huyo asingeiacha kompyuta ya Kinango hata dunia nzima iiache. Akafuta, maana yote yangening'inia kwenye mashine moja na mzee mmoja aliyezoea kusema nimesikia. Kisha vidole vyake vikaandika jina lake mwenyewe, Tumsifu Mshana, na machozi yakamtoka, akalitazama. Mtu aliyekosa namna hii, hatarudia kosa la kulifunga lalamiko maisha yake yote. Au ndiye hasa asiyepaswa kuaminiwa tena? Hilo nalo hakulifuta wala hakulitia sahihi.

Ni saa sita kasorobo.

Nawaona mnanong'onezana. Wewe wa nyuma usiniambie wapewe wote, nimeshasema mashine haipokei, na mama Mbeyu pia hapokei. Na msiniambie ni nani aliyefanya kubwa zaidi. Ondoeni sikio la Saumu, watoto wanaendelea kumeza nusu. Ondoeni shaka ya Lukelo, kosa haliko popote. Ondoeni ukaidi wa Ngwali, dawa ya kosa inabaki maandishi. Mimi nimepima mpaka nimechoka.

Kinango, mama mmoja ameweka simu mezani, mtoto wake kimya ubavuni. Jina litakaloandikwa ndilo atakalolipigia siku Mbeyu akianguka tena. Haya, aliye na ujasiri aniambie, na asimung'unye maneno: angemwandikia jina la nani?